Mafuta ya Pikapu na Mguu wa Dereva

Visiwa vya Unguja na Pemba havizalishi petroli wala dizeli. Kila lita inayotiwa katika tangi la gari, iwe gari ya Serikali au ya mfanyabiashara wa Darajani, imevuka bahari kabla ya kufika kituoni. Bei yake hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, ZURA, na bei hiyo hufuata soko la dunia ambalo mkaazi wa Visiwani hana kauli nalo. Wananchi hawajausahau mwaka 2022, pale vita vya Urusi na Ukraine vilipoipandisha bei ya mafuta ulimwenguni kote. Bei, kwa hivyo, haimo katika uwezo wa dereva. Kilichomo katika uwezo wake ni idadi ya kilomita atakazozipata katika lita moja, na idadi hiyo hubadilika zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Katika afisi nyingi suala hili hujitokeza mwisho wa mwezi, tena hujitokeza kwa sura mbaya. Mgao wa mafuta umekwisha kabla ya wakati wake, bwana shamba anangojea kupelekwa kijijini, na pikapu imesimama chini ya mwembe. Afisa anayesimamia usafiri hufungua daftari, akatazama lita zilizotolewa na kilomita zilizokwendwa, akaona haziwiani. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Afisa hudhani kwamba mafuta yamenyonywa kwa mpira usiku. Dereva huapa kuwa injini imechoka na inahitaji fundi. Inawezekana mmoja wao anasema kweli, kwani wizi wa mafuta upo na injini zilizochoka zipo. Lakini iko sababu ya tatu ambayo aghalabu haitajwi na upande wowote, nayo ni namna gari inavyoendeshwa.

Vipimo vinavyotolewa na idara ya nishati ya Marekani vinaonesha kwamba uendeshaji wa pupa, yaani wa kukanyaga mafuta kwa nguvu, kukimbia na kisha kufunga breki kwa ghafla, huweza kupunguza kilomita za kila lita kwa asilimia 15 hadi 30 katika barabara kuu, na kwa asilimia 10 hadi 40 katika njia za mjini zenye kusimama na kuondoka mara kwa mara. Maana yake ni kwamba madereva wawili waaminifu, wakipokezana gari moja, njia moja na mzigo mmoja, wanaweza kutofautiana kwa robo ya tangi bila ya tone hata moja kuibiwa. Asiyelijua jambo hili anaweza kumvunjia heshima mwenziwe kwa dhana tupu.

Na wachukuliwe madereva wawili wa pikapu ya idara inayokwenda kilomita 120 kwa siku, siku 22 za kazi katika mwezi, kwa mgao wa lita 220. Dereva anayepata kilomita 12 kwa lita atamaliza siku zote 22. Anayepata kilomita 10 kwa lita atakaukiwa katika siku ya 19. Tafauti ni kilomita mbili tu kwa lita, na si kubwa machoni mwa mtu. Lakini siku tatu na zaidi za mwisho wa mwezi ndizo ambazo sanduku la chanjo halikufika kituo cha afya, au mkaguzi hakufika skuli, au daktari wa mifugo alichelewa mpaka ng'ombe akafa. Mwananchi aliyengojea huko hajui habari za gia na breki. Yeye anajua tu kwamba gari ya Serikali haikuja.

MAFUTA YANAKOKWENDA

Injini ya petroli si mtumishi mwenye insafu. Katika nguvu yote iliyomo ndani ya lita moja, kiasi cha robo tu ndicho kinachofika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka ikiwa ni joto, kupitia rejeta na bomba la moshi. Hilo halina dawa kwa dereva. Ile robo ndiyo mali yake, na hutumika kwa kazi tatu: kuutoa uzito wa gari mahali ulipo na kuupa mwendo, kuyashinda mafungamano ya tairi na barabara, na kuisukuma hewa iliyo mbele ya gari.

Kazi ya kwanza ndiyo inayopotea kwa wepesi zaidi, na inastahili kufafanuliwa. Gari inapopata mwendo, mafuta yaliyoungua hayakupotea: yamegeuka kuwa nguvu ya mwendo, na gari imeibeba nguvu hiyo kama mtu aliyebeba akiba mfukoni. Dereva akiondoa mguu kwenye mafuta, gari huendelea kwenda kwa kuitumia akiba hiyo. Akifunga breki, akiba yote hugeuka kuwa joto katika ngoma na pedi za breki, likapeperuka. Hairudi tena. Ili gari iondoke upya, hapana budi akiba nyengine inunuliwe kutoka tangini.

Hesabu yake si ngumu. Pikapu yenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na mzigo, ikienda kilomita 60 kwa saa, huwa na nguvu ya mwendo ya kiasi cha kilojuli 208. Lita ya petroli ina kiasi cha kilojuli 32,000, lakini zinazofika magurudumuni ni 8,000 hivi. Kwa hivyo kila mara gari hiyo inapofungwa breki kutoka mwendo wa 60 hadi kusimama, mililita 26 za petroli zimekwenda na upepo, yaani chini ya kikombe kidogo cha kahawa ya barazani. Ni kidogo kwa kweli, na ndiyo maana hakuna anayekiona. Lakini mara arubaini ni lita nzima, na dereva wa pupa huzifikia mara arubaini baina ya Mjini na shamba kabla ya adhuhuri. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, kila breki hugharimu karibu mara mbili ya hapo, yaani mililita 46, kwa sababu nguvu ya mwendo haikui sambamba na mwendo, bali kwa mraba wake.

Kutokana na hesabu hiyo hupatikana jambo kubwa kuliko mengine yote katika suala hili: dereva mwenye kubana mafuta hatambulikani kwa upole wa mwendo wake, bali kwa uchache wa kufunga breki. Na breki hupungua kwa macho kabla ya miguu. Anayetazama mita ishirini mbele ya boneti hushtukizwa na kila kitu. Anayetazama mita mia mbili na zaidi huona daladala inavyojikurubisha kituoni, huona watoto wa skuli wamejipanga kando, huona kizuizi cha polisi na msururu wa gari uliokwisha kutanda, naye huondoa mguu mapema, akaiacha gari ijipunguze yenyewe kwa kutumia akiba iliyokwisha kulipiwa. Mara nyingi akifika pale, daladala imeshaondoka na watoto wameshavuka, na hana haja ya kusimama hata kidogo.

Matuta ya barabarani ni mfano ulio wazi zaidi. Wapo madereva wanaokimbia baina ya tuta na tuta kana kwamba kila tuta ni jipya kwao. Hukanyaga mafuta, huvuta mita mia moja na hamsini, kisha hufunga breki kwa kishindo, wakaruka, wakaanza tena. Pale Jozani, katika barabara iendayo kusini mwa Unguja, matuta yaliwekwa ili kuwanusuru kima punju wanaovuka njia, na kila dereva wa njia hiyo anayajua kwa idadi. Anayeyapita kwa mwendo mmoja wa taratibu, gia ya pili au ya tatu, hufika mwisho wa msitu sekunde chache tu baada ya yule anayekurupuka, na spring za gari yake hudumu. Kima nao husalimika.

MTEREMKO NA GIA HURU

Madereva wa Pemba, ambao barabara zao hupanda na kushuka vilima kutoka Mkoani mpaka Konde, wana desturi yao ambayo inahitaji kusemwa kwa uwazi. Gari ikifika kileleni, wengine huitoa gia na kuiacha iteremke gia huru. Baadhi yao huizima kabisa injini, wakiamini kwamba ndio wamebana mafuta kuliko watu wote.

Katika gari za kisasa zenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, dhana hiyo imepinduka. Gari ikiwa ndani ya gia na mguu wa dereva umeondoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya kusimama. Matumizi yake kwa wakati huo ni sifuri. Gia ikitolewa, injini haina tena wa kuizungusha, hivyo hulazimika kuungua mafuta ili isizimike. Kwa maneno mengine, dereva wa gia huru katika mteremko hutumia mafuta ambayo mwenziwe aliyebaki ndani ya gia hayatumii. Gari kuukuu za kabureta haziyakati mafuta namna hiyo, na huko tafauti ni ndogo. Lakini hata ndani yake gia huru haistahiki hatari inayoiandama.

Kuizima injini ni jambo zito zaidi. Msaada wa breki katika gari nyingi hutokana na mvuto wa hewa unaotengenezwa na injini inayozunguka. Injini ikizimwa, dereva hubakiwa na msaada wa mikanyago michache tu, kisha pedeli huwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye msaada nao huwa mzito, na ufunguo ukizungushwa mno usukani huweza kufunga. Pikapu iliyobeba watu na mikungu ya ndizi, katika kona ya mteremko, haina nafasi ya kosa la namna hiyo. Hakuna kiasi cha petroli kinacholingana nalo.

Ama kuhusu kupanda, kosa la kawaida ni kungojea. Dereva hufika chini ya kilima na mwendo mdogo, kisha hukanyaga mafuta mpaka chini katikati ya mwinuko. Gari ikikikabili kilima kwa mwendo wa wastani uliokusanywa mapema, na gia ikashushwa kabla injini haijaanza kutetemeka na kugonga, mwinuko hupandwa kwa mafuta machache zaidi. Juu ya kilele mguu huinuliwa kabla ya kufika, si baada.

Kwenye tambarare, gia ya juu ndiyo rafiki. Injini ya petroli inayozunguka kwa kasi huku koo lake la hewa limefunguliwa kidogo tu hutumia sehemu ya nguvu zake kupigania kuvuta pumzi. Ikizunguka polepole na koo limefunguliwa zaidi, taabu hiyo hupungua. Kwa hivyo inafaa kupandisha gia mapema, katika mizunguko ya baina ya 2,000 na 2,500 kwa dakika kwa injini nyingi za petroli, na kabla ya hapo kwa za dizeli. Ambaye gari yake haina kipimo cha mizunguko ana masikio: injini inayolia haifanyi kazi zaidi, bali inalia tu.

HEWA, MWENDO NA UBAO WA NYUMA

Upinzani wa hewa nao hukua kwa mraba. Kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 80, nguvu inayohitajika kuisukuma hewa huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Kutoka 80 kwenda 100, kwa zaidi ya nusu tena. Pikapu, kwa umbo lake la kabini iliyosimama na bodi iliyo wazi, si chombo kilichoumbwa kupasua hewa. Gari nyingi ndogo hupata kilomita nyingi zaidi kwa lita zikiwa katika gia ya juu kabisa baina ya kilomita 50 na 80 kwa saa. Na faida ya kukimbia ni ndogo kuliko inavyohisiwa: safari ya kilomita 40 huchukua dakika 40 kwa mwendo wa 60 na dakika 30 kwa mwendo wa 80, ikiwa njia ni tupu tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Visiwa hivi njia ya namna hiyo hupatikana usiku wa manane.

Elimu hii si ngeni. Baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta mwezi wa Oktoba 1973, Marekani ilipitisha mwanzoni mwa 1974 sheria iliyoweka ukomo wa mwendo wa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 88 hivi, katika barabara zake kuu, kwa ajili ya kuokoa mafuta. Ukomo huo wa kitaifa uliondoshwa mwaka 1995. Ikiwa taifa lenye visima vyake lilifikia hapo, seuze kisiwa kisicho na kisima.

Hapa inafaa kusahihishwa imani moja iliyoenea. Madereva wengi wa pikapu huuteremsha ubao wa nyuma wa bodi wanapokuwa hawana mzigo, wakiamini kwamba upepo utapita na gari itakuwa nyepesi. Majaribio ya pikapu katika mahandaki ya upepo yameonesha kinyume: ubao ukifungwa, hewa iliyomo ndani ya bodi huzunguka mahali pamoja kama mto, na upepo wa juu hupita ukiteleza juu ya mto huo. Ubao ukiteremshwa, mzunguko huo huvunjika na mkokoto wa hewa aghalabu huongezeka. Ubao na ufungwe. Turubai nalo, likitumika, likazwe barabara, kwani turubai linalopigapiga ni tanga linalovuta nyuma. Mbao na nondo zilizorundikwa juu ya kabini hula mafuta kuliko zikilazwa ndani ya bodi, ingawa hili haliwezekani kila mara.

MZIGO

Uzito wa kilo 45 hadi 50 usiohitajika, sawa na mfuko mmoja wa saruji, hupunguza kilomita kwa lita kwa kiasi cha asilimia moja, na katika gari iliyo ndogo zaidi hupunguza zaidi ya hapo. Bodi za pikapu za idara zikitazamwa, hukutwa tairi kuukuu, vipande vya chuma, mchanga uliobaki tangu ujenzi wa mwaka uliopita, na wakati mwengine jiwe la kuzuilia gurudumu linalotosha kuzuia meli. Vitu hivyo husafirishwa kila siku kwenda na kurudi bila ya kushuka mahali popote.

Kwa wafanyabiashara suala ni jengine. Gari ndogo kabisa za mizigo zinazotoka Japani, mfano wa Suzuki Carry ambazo Tanzania Bara huitwa kirikuu, nyingi zilitengenezwa kwa kufuata sheria ya nchi hiyo ya gari ndogo, ambayo tangu 1990 imeweka ukomo wa injini wa sentimita za ujazo 660 na mzigo usiozidi kilo 350. Kilo 350 ni mifuko saba ya saruji. Hapa Visiwani huonekana gari ya aina hiyo imepakiwa mifuko kumi na tano na vijana watatu juu yake, ikipanda kwa gia ya kwanza huku injini ikilia. Mwenye gari hudhani ameokoa safari ya pili. Ameongeza mafuta kwa kila kilomita, ameziumiza klachi na bearing, na breki zilizotengenezwa kwa ajili ya mifuko saba sasa zinaombwa zisimamishe zaidi ya mara mbili yake. Hesabu ya safari mbili nyepesi dhidi ya moja nzito haitoki sawa kila mara, na kwa njia ndefu huenda safari moja ikawa na nafuu ya petroli. Lakini hesabu hiyo ifanywe pamoja na bei ya klachi.

Tairi zenye upepo pungufu ni mzigo usioonekana. Kwa wastani, kila upungufu wa pauni moja kwa inchi ya mraba katika tairi zote nne hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 0.2; pauni kumi, ambazo jicho halizitambui kwa urahisi, ni asilimia mbili. Tairi hizo pia hupata joto, huchakaa pembeni na huweza kupasuka. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva, na katika pikapu aghalabu tairi za nyuma zina vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari yenye mzigo. Upepo hupimwa asubuhi kabla ya safari, tairi zikiwa baridi. Kuzipiga teke hakupimi kitu.

Pikapu zenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne zisitumiwe hivyo katika lami. Uwezo huo ni wa matope na mchanga. Katika lami kavu huongeza matumizi na huyakaba mashine ya ndani, hasa katika kona.

GARI INAYONGURUMA NJE YA MKUTANO

Sehemu hii haiwahusu madereva peke yao. Injini ndogo ya petroli inayonguruma gari ikiwa imesimama hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa, na kipoza hewa kikiwashwa hutumia zaidi. Mkutano wa saa mbili ukiwa ndani, na gari ikiwa nje inaunguruma ili mkubwa akitoka akute baridi, ni lita moja na ushei ambayo haikumpeleka mtu popote. Dereva hawezi kuzima ikiwa ameamrishwa asizime. Vivyo hivyo dereva aliyeambiwa "tumechelewa, kaza mwendo" na kiongozi aliyechelewa kutoka nyumbani kwake hana njia ya kutumia elimu yoyote iliyoelezwa hapo juu. Israfu ya namna hiyo huandikwa katika daftari kwa jina la dereva.

Gari ikitarajiwa kusimama kwa zaidi ya dakika moja, ni bora izimwe. Kuiwasha tena hutumia mafuta ya sekunde chache tu za kunguruma. Kuipasha moto asubuhi kwa dakika kumi, desturi iliyobaki tangu enzi za kabureta na iliyoandikiwa nchi za baridi, hakuna maana katika hali ya hewa ya Zanzibar. Nusu dakika yatosha, kisha gari iondoke kwa upole kwa kilomita ya kwanza au ya pili. Ama kipoza hewa, katika mwendo mdogo wa mjini madirisha yana nafuu. Katika barabara kuu madirisha yaliyo wazi huvuta hewa na tafauti hupungua. Gari iliyoegeshwa kivulini, milango ikaachwa wazi kwa muda mfupi kabla ya kuondoka, huhitaji baridi kidogo zaidi.

Kuhusu matengenezo, inatosha kutaja machache. Breki inayokamata bila ya kukanyagwa hugundulika kwa kuligusa gurudumu kwa hadhari baada ya safari: moja likiwa na moto kuliko wenzake, fundi aitwe. Chujio la hewa lililoziba huongeza matumizi katika injini za kabureta. Katika injini za kompyuta, majaribio ya maabara ya Oak Ridge ya Marekani ya mwaka 2009 yalionesha kuwa huipunguza nguvu ya gari lakini halibadilishi sana matumizi. Na desturi ya kujaza mafuta alfajiri kwa kudhani kwamba baridi huyafinya yakawa mengi haina faida ya kuonekana, kwani matangi ya vituo huzikwa ardhini na joto lake halibadiliki sana baina ya alfajiri na mchana.

KIPIMO CHA HAKI

Lililobaki ni namna ya kujua. Mshale wa mafuta si kipimo, na kugawa lita za mgao kwa kilomita za mwezi huchanganya yaliyobaki tangini na yaliyotumika. Njia iliyo sahihi ni ya tangi kwa tangi. Tangi hujazwa mpaka pampu ikate yenyewe, na kilomita za saa ya gari huandikwa. Gari hutumika kwa kawaida, bila ya kuongezwa mafuta. Kisha hujazwa tena, kwenye pampu ile ile ikiwezekana, mpaka ikate, na huandikwa lita zilizoingia na kilomita mpya. Ikiwa saa ilisoma 48,210 na sasa yasoma 48,565, gari imekwenda kilomita 355. Ikiwa zimeingia lita 34, imepata kilomita 10.4 kwa lita. Kipimo kimoja hakitoshi. Vinahitajika vitatu au vinne mfululizo, na ni lazima ijulikane kama gari imebadilishwa tairi za ukubwa mwengine, kwani hapo saa husema uongo.

Palipo na ugomvi baina ya afisa na dereva, kipimo hiki hufanywa na madereva wawili kwa zamu, kwa njia moja na mzigo unaofanana. Matokeo yakikaribiana na yakawa mabaya kwa wote wawili, gari ipelekwe gereji. Yakitafautiana sana, sababu imo mguuni, na yule wa pili amkalishe mwenziwe pembeni kwa siku mbili tatu aone anavyofanya. Mafunzo ya namna hiyo huleta nafuu ya haraka, ila hufifia baada ya miezi yasipokumbushwa. Na ikiwa matokeo ya wote wawili ni mazuri katika wiki ya kipimo, kisha yakaharibika mara baada ya kipimo kumalizika, hapo afisa atakuwa na swali la kuuliza, na atakuwa na karatasi mkononi badala ya dhana. Karatasi hiyo itiwe saini na pande zote mbili na ihifadhiwe pamoja na daftari la safari la gari.